Kikohozi Kisichopewa Pole

Mwaka ambao binti yangu aliacha kukohoa ndani ya nyumba, sote tulimshukuru Mungu. Nyumba yetu ya Arlington, Texas, ilikuwa imekizoea kikohozi kama nyumba nyingine zinavyozoea redio. Kilianza asubuhi kabla ya chai, kikapumzika, kikarudi mtoto akicheka au akipanda ngazi. Kisha kikaanza kupungua. Kikawa cha nadra, halafu kikapotea kabisa. Mume wangu alisema dawa imekubali. Mama yake, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nasi, alisema ni dua. Mimi sikubishana na yeyote, lakini moyoni nilikuwa upande wa dawa, maana dawa ndizo zilizokuwa kazi yangu ya pili baada ya ile ya ofisini.

Niueleze ugonjwa wenyewe mapema. Unaitwa cystic fibrosis. Nyumbani tunauita CF, herufi mbili tu, kwa sababu jina zima linachosha mdomo. Mtoto huzaliwa nao. Makohozi yake ni mazito kama gundi, yanang'ang'ania ndani ya mapafu, na humo wadudu wanapata makazi. Wadudu wakizidi, kikohozi kinabadilika sauti na makohozi yanabadilika rangi, na hapo ndipo antibiotiki zinapoanza. Ukichelewa, wadudu wanaharibu sehemu ya pafu, na sehemu iliyoharibika hairudi. Daktari wetu wa Dallas, mwanamke mwembamba anayeongea taratibu kama anayesomesha imla, alituambia hilo tangu mwanzo. Mashine zake zilikuwa nzuri, alisema, lakini kengele ya kwanza ni kikohozi, na sisi wa nyumbani ndio wenye masikio ya kuisikia.

Kwa hiyo nilijifunza kusikiliza. Nilikijua kikohozi cha chavua ya miti, kile kikavu kinachowashika hata wazima wakati upepo wa Texas unapoamua kutukomoa. Nilikijua cha kucheka. Nilikijua na kile kizito cha kutoka chini kabisa, na nikikisikia nilikuwa nimeshika simu kabla mtoto hajamaliza. Kliniki inaagiza dawa, mume wangu anapita kuichukua, tunaanza. Kulikuwa na ile ya maji yenye harufu ya stroberi za uongo, kulikuwa na vidonge vikubwa ambavyo hata mimi nisingevimeza bila kulalamika, na kulikuwa na ile ya kuvuta kwa mashine ya mvuke, ambayo alisema inamwacha na mdomo mchungu kama amelamba betri. Alijuaje ladha ya betri sikutaka kuuliza. Dozi inaisha, kikohozi kinatulia, hamu ya kula inarudi, sketi inambana kidogo kiunoni na mimi nafurahi. Baada ya muda kinarudi, na tunaanza upya. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na kusema kweli tuliyamudu.

Tulichelewa kuujua ugonjwa huo. Watoto wote wanaozaliwa Texas huchomwa kisigino na damu yao hupimwa, na ya kwake ilipimwa, lakini kipimo kile kinatafuta aina za CF zinazojulikana sana, na ya kwake haimo. Miaka yake ya mwanzo tuliambiwa ni pumu. Daktari mmoja wa kliniki ya haraka aliniambia kwa upole mwingi kwamba watoto kama wangu hawapati ugonjwa ule niliousoma kwenye simu. Sikumuuliza watoto kama wangu ni wepi hao. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na gari limezuia gari la mtu. Mwishowe akapimwa chumvi ya jasho, na jasho likasema. Kisha likaja suala la vile vidonge vipya, ambavyo vimewarudisha watoto wengine wenye CF viwanjani kucheza mpira kama si wao. Wakapima aina yake, havimfai. Daktari alisema bado. Nililipenda neno hilo kwa muda, halafu nikaliacha.

Watu wananiuliza nilijisikiaje siku hiyo na nyingine kama hiyo. Ganzi. Kama mguu ulioukalia kwenye jamvi, unajua ni wako, unauona, lakini ukiushika unashika kitu cha mtu mwingine. Wengine walidhani nina imani kubwa. Shemeji yangu mmoja alinisifu msikitini mbele za watu kwamba nina subira, na mimi nilikuwa nawaza kama nimetoa nyama kwenye friza.

Sasa niseme habari ya pole. Sisi watu wa kwetu ni watu wa pole. Mtu akijikwaa, pole. Akirudi kazini, pole na kazi. Akinyeshewa, pole kwa mvua, utadhani tuliileta sisi. Nimemsikia mama mkwe wangu akimpa pole fundi wa bomba, Mmarekani mwenye tatuu shingoni, kwa sababu alipiga magoti muda mrefu, na yule bwana akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Mtu akikohoa mbele yako nawe ukanyamaza, umemvunjia heshima. Wamarekani hawako hivyo. Ukipiga chafya dukani, mtu usiyemjua atakuombea baraka kutoka rafu ya pili, lakini ukikohoa wanasogea kidogo na kuendelea kuchagua nyanya.

Katika hili mama mkwe ndiye aliyekuwa bingwa. Aliweza kukisikia kikohozi cha mjukuu wake kupitia kuta mbili na feni ya jiko ikizunguka, na pole ikamfuata mtoto huko huko aliko. Akiwa katika swala alilazimika kungoja, lakini salamu ya mwisho ikishatoka tu, kabla hata ya kushika tasbihi, alikuwa analipa pole zake zote kwa mkupuo. Mume wangu naye alikuwa na yake, ya chini, ya kiume, anayoitoa bila kuinua macho kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa na yangu. Tukipiga simu ya video Tanga, mtoto akikohoa nyuma yangu, zilitoka pole za wajomba na mashangazi hadi spika inakwaruza. Na mtoto wa CF hukohoa kutwa. Hatukuona tatizo lolote. Tulikuwa tunampenda, na hiyo ndiyo lugha tuliyokuwa nayo ya kusema hivyo, kwa sababu yeye hunijibu kwa Kiingereza na bibi yake hana Kiingereza, na pole ilikuwa neno moja ambalo wote wawili hawakuhitaji kutafsiriwa.

Basi kikohozi kikaisha. Tulipokwenda kliniki, daktari aliuliza kama kawaida, anakohoa? Nikasema hakohoi. Usiku? Hakohoi. Asubuhi akiwa amevaa ile fulana ya mashine inayomtikisa kifua ili makohozi yatoke? Nikasema anakohoa humo kidogo, inavyotakiwa. Binti yangu alikaa kwenye kitanda kilichotandikwa karatasi akining'iniza miguu. Wakampa mrija apulize kwenye mashine inayopima nguvu ya mapafu. Namba ilikuwa imeshuka, si sana. Akapuliza tena, ikashuka vilevile. Daktari alisema angependa kumwanzishia antibiotiki ya kunywa kwa tahadhari. Mimi nikamkatalia. Antibiotiki ya mwisho ilikuwa imemharisha hadi akapungua, na hapa alikuwa mtoto anayekula, anayelala, asiyekohoa. Nilisema labda hakupuliza vizuri, ana uvivu huo. Daktari alimtazama, akanitazama, akasema sawa, tuchukue kipimo cha kooni tusubiri majibu, lakini kikohozi kikirudi nimpigie saa hiyo hiyo. Nilimwahidi. Ahadi yenyewe ilikuwa rahisi, maana masikio yangu yalikuwa kazini muda wote.

Wiki iliyofuata nesi wa shule aliniandikia ujumbe kwamba binti yangu anakohoa sana darasani, je, kuna jambo lolote angepaswa kujua? Ujumbe ulikuwa wa adabu kabisa. Majibu yangu hayakuwa na adabu sawa na hiyo. Nilimwambia nyumbani mtoto hakohoi hata kidogo, kwa hiyo waangalie viyoyozi vyao. Mimi nina hasira za karibu, mume wangu anazijua, na shule ikazijua.

Idi ikafika, tukaenda Houston kwa dada yangu. Dada anaishi Gulfton, kwenye yale majengo ya ghorofa mbili yaliyobanana kuzunguka maegesho ya magari, na amekataa katakata kuhama kwa sababu anasema huko kwetu Arlington mtu anaweza kufa akaja kujulikana na mtu wa kukata majani. Kwake mlango haufungwi. Njia nzima binti yangu alikaa nyuma na bibi yake, akinywa maji ya chupa kwa mafunda madogo madogo. Nikamsifu kwa kunywa maji, maana kwa ugonjwa wake maji ni sehemu ya dawa.

Sebule ya dada ilikuwa imejaa. Kulikuwa na jirani yake wa Kikongo, mama mtu mzima wa kutoka Uvira, Mkristo safi ambaye hajawahi kukosa pilau ya Idi, na watu wengine kadhaa wa kwetu waliokaa sakafuni na kwenye mikono ya makochi. Binti yangu alisalimia wote, shikamoo moja moja, akaenda kukaa karibu na dirisha. Baada ya muda kidogo nikamsikia akikohoa, mara moja, kikohozi kidogo cha kubanwa. Sebule ikanyamaza. Vijiko vikasimama. Pole, pole mama, pole sana, kila kona, na yule mama wa Uvira akaweka sahani chini kabisa, akashika kifua chake mwenyewe, akasema, "Pole, mutoto yangu, Mungu atakuponya." Mama mkwe alikuwa tayari na machozi. Binti yangu akatabasamu, akasema yuko sawa. Nami nikafurahi kwamba ana adabu.

Pilau ilipogawiwa hakuwepo. Wenzake walikuwa uani wanacheza, yeye hayumo. Mtoto wetu hali bila kumeza vidonge vya kumsaidia kusaga chakula, kwa hiyo nilivichukua, nikashuka ngazi kumtafuta. Nilizunguka maegesho, nikapita kwenye mapipa ya takataka, sikumwona. Nilipokaribia chumba cha kufulia, kile cha wapangaji wote, nilisikia mashine za kukaushia zikinguruma, na katikati ya ngurumo hiyo nikasikia kitu ninachokijua kuliko sauti yangu.

Alikuwa amesimama katikati ya mashine mbili, ameinama, mikono magotini, anakohoa. Sikuwahi kumsikia akikohoa hivyo. Kilitoka mbali, kikamkunja, kikamwachia apumue, kikamrudia. Mwanamke mmoja, nadhani wa Honduras au Guatemala, alikuwa pale pale mezani anakunja mataulo yake. Hakugeuka. Aliendelea kukunja, akilinganisha pembe. Binti yangu akatema kwenye karatasi ya kujifutia, akaitazama kwa makini kama nilivyomfundisha, akaiviringisha, na hapo akaniona.

Nikamwambia alete nione. Ilikuwa ya kijani kibichi, na ndani yake kulikuwa na uzi wa damu.

Nilimuuliza kwa nini yuko huku. Akasema huku kuna kelele. Nilimuuliza ameanza lini. Akainua mabega. Akanieleza, kwa Kiingereza chake cha haraka na Kiswahili cha kuokoteza, jinsi anavyofanya. Ukisikia kinakuja unakunywa maji kidogo. Ukikosa maji unabana ulimi juu, unameza, unahesabu. Garini ni kugumu. Chumbani unaweka mto. Shuleni hahitaji kufanya chochote, anakohoa tu.

"Kwa nini shuleni unakohoa?" nikamuuliza.

"Kwa sababu hakuna mtu ana-care," akasema. Akafikiri, akaona halikutoka vizuri, akajaribu tena. "Hawaniangalii, Mama. Nyumbani niki-cough kila mtu ana-stop kula. Bibi analia. Baba anafanya ile sura. Nikikaa kimya, mnakuwa happy."

Yule mwanamke wa mataulo alibeba kikapu chake, akatoka. Nilisimama pale na vidonge mkononi. Nilijua ninapaswa kuhisi kitu kikubwa, na nilikingoja kije, kama unavyongoja maji ya moto kwenye bomba la ghorofani. Hakikuja. Nilisikia joto la mashine mguuni. Nikampa vidonge, nikakumbuka kwamba chakula kiko juu, nikavichukua tena.

Nilimpigia daktari wa zamu Dallas nikiwa pale pale chini. Nilimwambia kikohozi kimerudi, halafu nikajisahihisha, nikasema hakikuwahi kuondoka. Akaniambia tusijaribu kurudi nyumbani barabarani, tumpeleke hospitali ya watoto hapo hapo Houston. Wakamlaza. Majibu ya kile kipimo cha kooni yalikuwa yametoka siku hiyo hiyo, na yalisema kuna mdudu mwingine, sugu zaidi kuliko wale wa zamani, na kwamba dawa za kunywa hazimfai tena. Wakampitishia mrija mwembamba mkononi hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, wakaanza kumtilia antibiotiki mbili kwa zamu. Walisema itachukua kama wiki mbili. Mume wangu alikaa nasi siku za mwanzo, kisha akarudi kazini Arlington. Mama mkwe akabaki kwa dada, mimi nikabaki kwenye kochi la hospitali, lile linalogeuka kitanda kwa jina tu.

Katika hospitali ile kukohoa kulikuwa sifa. Mtaalamu wa kifua alikuwa anaingia na barakoa na joho la njano, anamvalisha fulana ya kumtikisa, anamwambia kohoa, zaidi, kubwa kuliko hiyo. Likitoka kohozi zito anashangilia kama mtu aliyefunga goli. Binti yangu alianza kwa aibu, akiniangalia kwanza. Ilimchukua muda kuamini kwamba mtu mzima anaweza kulifurahia jambo hilo. Siku moja alikohoa sana, akatema, akaulizwa kama ana jingine, na akacheka. Nilikuwa nimeshika simu nikijibu barua pepe za ofisini. Pole ilinitoka yenyewe, kimya kimya, kwa midomo tu, na yeye akaiona. Cheko likaisha.

Hapo nikaelewa kwamba lazima nizungumze na familia, na kwamba kati ya wote wa kuzungumza naye kwanza ni mama mkwe. Alikuja mchana na dada, wamebeba chupa ya chai na uji wa pilipili manga. Nilimtoa nje kwenye korido, nikamketisha. Nilimweleza alichoniambia mtoto kwenye chumba cha kufulia. Nilimweleza polepole, bila kupunguza wala kuongeza, kwamba mjukuu wake amekuwa akikimeza kikohozi ili sisi tusimpe pole, na kwamba makohozi aliyoyameza na kuyazuia ndiyo yaliyofuga yule mdudu. Nikamwomba asimpe pole tena akikohoa. Asimtazame. Aendelee na alilokuwa akilifanya.

Mama mkwe ni mtu mwenye heshima zake, hajawahi kuninyooshea kidole tangu niolewe, hata siku zile ndugu zake walipokuwa wakiuliza ugonjwa huu umetoka ukoo gani. Yeye ndiye aliyewanyamazisha, akawaambia daktari amesema umetoka kwa wote wawili, kwa hiyo wagawane. Sasa akalikunja pindo la mtandio wake, akalikunjua.

"Mwanangu," akasema, "nimsikie mtoto anapasuka kifua, nami ninyamaze? Nikae nile wali wangu kama mtu asiye na mtu?"

"Ndiyo, Mama."

"Atadhani simpendi."

"Atakohoa, Mama."

Aliinuka, akaingia chumbani baada ya kuvaa joho na barakoa kama walivyomwelekeza. Nilibaki nje. Nilikuwa nimemwondolea mama wa watu neno lake pekee la kuongea na mjukuu wake, na sikuhisi huruma wala ushindi. Nilihisi njaa. Nikanywa uji uleule aliouleta.

Dawa zilifanya kazi yake. Homa aliyolazwa nayo ilishuka, rangi ya makohozi ikapauka, akaanza kuagiza vyakula na kuvikataa. Siku ya kupuliza mashine alijitahidi hadi macho yakamtoka. Namba ilipanda. Ilipanda, lakini haikufika pale ilipokuwa kabla ya ule mwaka wetu wa shukrani. Daktari wa Houston, kijana mstaarabu, alituita pembeni mimi na mume wangu, aliyekuwa amekuja kutuchukua. Alisema tumpe muda, watoto hushangaza, lakini pia tusitegemee sana. Inawezekana hapo alipo sasa ndipo tutakapokuwa tunaanzia kuanzia leo. Mume wangu aligeukia ukuta. Mimi nilimuuliza daktari kama tiketi ya maegesho inagongwa muhuri hapo juu au ghorofa ya chini. Akanitazama, akasema chini.

Tukarudi Arlington, tukaanza kujifunza kunyamaza. Sikujua ni kazi ngumu kiasi hicho. Mume wangu alikuwa anang'ata mdomo. Mama mkwe alibuni njia yake: mtoto akikohoa, alikuwa anainuka kwenda kukoroga chungu, kiwepo kisiwepo kitu jikoni. Nilitangaza kwenye kundi la familia la simu kwamba atakayetoa pole kwenye video nitakata, na nikamkatia mjomba wake mkubwa katikati ya sentensi. Alinuna, akaja kuelewa, akanuna tena. Wageni tuliwaeleza mlangoni kabla hawajavua viatu. Wengine walituona tumeingiwa na Uzungu. Sikuwalaumu, ningekuwa wao ningesema hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Binti yangu hakutuamini mara moja. Alikuwa anatupima. Anakohoa kidogo, anazungusha macho, anaona vijiko vinaendelea. Anakohoa zaidi. Mume wangu anaomba apitishiwe chumvi ambayo haitaki. Taratibu akaacha kutupima. Kikohozi kikarudi mezani, kikarudi kwenye ngazi, kikarudi asubuhi kabla ya chai, na mimi nikarudi kwenye kazi yangu ya kusikiliza. Kilipobadilika sauti nilikisikia, nikapiga simu siku hiyo hiyo, antibiotiki zikaanza mapema, na safari hiyo haikufika kulazwa. Daktari wetu wa Dallas alisema vizuri. Nilisema asante.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya dozi hiyo kuisha. Sote wanne tulikuwa mezani tunakula chapati na maharage. Kilimshika kile cha kutoka chini, kikamkunja hadi paji la uso likagusa meza. Hakuna aliyetoa pole. Mama mkwe alikwenda jikoni. Mume wangu alikata kipande cha chapati, akakiweka kwenye sahani, akakikata tena. Mimi niliendelea kula, nikimeza bila kutafuna. Kilipomwachia, alitema, akaniletea karatasi niione. Ilikuwa nyeupe, safi. Nikamwambia safi. Lakini hakurudi kwenye kiti. Alisimama pembeni yangu, akiwa bado anahema, akaniuliza kwa Kiswahili, ambacho hakitumii ovyo.

"Mama, siku hizi hamnionei huruma?"

Mume wangu aliweka kisu chini. Kule jikoni kijiko kikaacha kugonga chungu. Nilimshika mgongo, nikahisi mbavu zake zikipanda na kushuka chini ya kiganja changu, na ndani kabisa, kwenye pafu la kulia, mkwaruzo mdogo wa kitu ambacho kilikuwa bado hakijatoka.

"Nakuonea huruma sana, mwanangu," nikamwambia. "Kohoa tena."